Nani Amekula Pini ya Kioo? Historia ya Kutu, Kutoka Mtepe Hadi Laptopu

"Bodi imekufa." Kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake yote imo ndani ya laptopu, maneno hayo mawili ni mazito. Mashine inawaka, feni inazunguka, taa ya chaji ipo, ila kioo ni cheusi tii. Muuzaji anakwambia ununue nyingine. Lakini ukiipeleka kwa fundi mwenye hadubini mezani, awe Tandika au Mwananyamala, huenda akakuonyesha kitu kingine kabisa: soketi nyembamba yenye urefu wa kama sentimita mbili, pale kebo ya kioo inapochomekwa kwenye bodi, na ndani yake pini mbili tatu zimegeuka kijani. Moja imeisha, imebaki alama tu.

Kumbe bodi haijafa. Imeliwa mahali pamoja, padogo kuliko punje ya mchele. Swali letu leo ni la kihistoria: nani aliila, na kwa nini ale hapo hapo? Jibu linaanza miaka mingi kabla ya kompyuta, tena linaanzia baharini.

Chombo kisicho na msumari

Katika karne ya kwanza baharia au mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani yake anaitaja bandari ya Rhapta, ambayo wataalamu wengi wanaiweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na anaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Karne nyingi baadaye, mitepe ya visiwa vya Lamu ilikuwa bado inashonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi.

Watu walishona kwa sababu nyingi. Kamba zilipatikana, na chombo cha kushonwa kinanyumbuka kikikwama mchangani. Ila kuna tokeo moja linalotuhusu: chombo kilichofungwa kwa kamba hakina chuma cha kuliwa na chumvi.

Waingereza walijifunza somo hilo kwa gharama. Mwaka 1761 jeshi lao la majini lilifunika tumbo la meli ya HMS Alarm kwa mabamba ya shaba, ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Meli ilipokaguliwa mwaka 1763 shaba ilikuwa nzima, lakini misumari mingi ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeliwa vibaya. Cha ajabu, misumari michache ilikuwa salama. Ilikuwa ile ambayo karatasi ya kaki iliyofungia mabamba ilisahaulika kati ya chuma na shaba.

Wakati huo hakuna aliyeweza kueleza sababu. Maelezo yalikuja mwaka 1800, Alessandro Volta alipopanga vipande vya metali mbili tofauti, akaviwekea kitambaa chenye maji ya chumvi katikati, akapata umeme. Ile ndiyo betri ya kwanza. Mwaka 1824 Humphry Davy akaigeuza hoja: kama metali mbili ndani ya maji ya chumvi ni betri, basi mwenye kuchagua metali anaweza pia kuchagua ipi iliwe. Alifunga vipande vya zinki na chuma kwenye shaba ya meli, na shaba ikaacha kuliwa kwa sababu zinki na chuma vililiwa badala yake. (Kwa bahati mbaya shaba iliyotulia haikutoa tena sumu ya kufukuza viumbe vya baharini, chaza na magugu yakajaa, na meli zikawa nzito. Mradi wake kwa meli hizo ukaachwa.)

Shika kanuni hiyo, maana tutairudia: metali mbili, maji yenye chumvi, na njia ya umeme kati yake. Vikikutana vitatu, mmoja ataliwa.

Simu ya mezani ilijua

Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ya Eastern and South African Telegraph Company iliiunganisha Zanzibar na Aden upande mmoja, na Msumbiji na Durban upande wa pili. Ndani yake kulikuwa na waya wa shaba uliofunikwa kwa gutapacha, utomvu wa miti ya Asia unaokaza kama plastiki. Gutapacha ikitoboka, maji ya bahari yanaifikia shaba. Na hapa si suala la metali mbili tu, kwa sababu ndani ya waya kuna umeme unaosukumwa na betri za ofisini.

Umeme wa nje unabadilisha hesabu. Ukiweka vipande viwili vya shaba ileile kwenye maji ya chumvi na ukavipa umeme, kile cha upande chanya kinayeyuka. Atomu zake zinaachia elektroni, zinakuwa ayoni, zinaondoka na maji. Kile cha upande hasi hakiyeyuki. Kinyume chake, kinaweza kupokea shaba iliyotoka kwa mwenzake. Mafundi wa telegrafu na simu walikutana na jambo hili kila siku, wakaligeuza kuwa utaratibu.

Ndiyo maana mitambo ya simu za mezani, ikiwemo ile iliyohudumia Dar es Salaam, hutumia volti 48 hasi. Upande chanya wa betri unafungwa ardhini, na waya wa shaba unaokwenda kwa mteja unabaki upande hasi. Kebo iliyofukiwa ikipasuka na maji ya mvua ya masika yakaingia, kinacholiwa zaidi ni fimbo ya ardhini, ambayo ni rahisi kubadilisha, na siyo waya wa kilomita kadhaa. Kwa maneno mengine, walijua kwamba maji yataingia tu, wakapanga mapema nani aliwe.

Laptopu yako haikupangwa hivyo. Kabla ya kuona kwa nini, tuangalie mashine yenyewe ilifikaje kwenye chumba cha Mbagala.

Kompyuta ilipotoka kwenye kiyoyozi

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, ambayo kwa asili ni RCA 301 ya Marekani iliyouzwa kwa jina la kampuni ya Uingereza. Mashine za kizazi hicho zilijaza chumba kizima, na chumba chenyewe kilipozwa na kukaushwa hewa mchana na usiku, kwa sababu hazikuweza kufanya kazi vizuri kwenye joto.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, baada ya gharama na matatizo ya mifumo iliyokuwepo. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, na kufikia mwaka 2003 nchi ilikuwa na Sera ya Taifa ya TEHAMA inayozihimiza kompyuta zilezile zilizozuiwa zamani. Kisha mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikatua Dar es Salaam, intaneti ikashuka bei, na laptopu ikawa kitu cha kawaida cha mwanafunzi, mara nyingi mtumba uliopitia Dubai au Ulaya.

Ukiyaweka matukio hayo pamoja unaona jambo moja. Kwa muda mrefu kompyuta hapa nchini iliishi kwenye hewa kavu ya ofisi. Ilipotoka ikaenda Temeke na Kinondoni, ilikutana na dirisha lililo wazi ili upepo uingie, na upepo huo unatoka baharini. Kutu ya bodi haikuwa tatizo la watu wengi hadi kompyuta ilipokuwa mali ya watu wengi.

Taa ilipohamia kwenye soketi

Sasa turudi kwenye soketi. Laptopu za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilimulika kioo kwa mrija mwembamba wa mwanga unaofanana na tyubu ya ukutani. Mrija ule ulitaka mamia ya volti, kwa hiyo ulipewa kadi yake ndogo na waya wake wa pembeni. Picha yenyewe ilipita kwenye kebo nyingine, kwa mfumo wa LVDS uliobuniwa na National Semiconductor mwaka 1994. LVDS inapeleka ishara ndogo sana, tofauti ya kama milivolti 350 tu kati ya nyaya mbili.

Kuanzia kama mwaka 2007 taa za LED zilianza kuchukua nafasi ya mrija. LED hazihitaji mamia ya volti, basi watengenezaji wakaona hakuna haja ya waya wa pembeni. Umeme wa taa ukahamishiwa kwenye kebo ileile ya picha. Mwishoni mwa 2008 ukatoka mfumo mpya wa picha uitwao eDP, na Desemba 2010 kampuni kubwa zikiwemo Intel na AMD zikatangaza kwamba zitaachana na LVDS.

Faida ilikuwa kubwa: laptopu nyembamba, nyaya chache, bei nafuu. Lakini tazama kilichokusanyika ndani ya soketi moja ya pini 30 au 40. Kuna pini za taa zenye volti za chaja au betri, kama 7 hadi 20, na katika baadhi ya mashine zinafika karibu 50. Kuna pini za volti 3.3 za kioo. Kuna pini za ardhi, yaani sifuri. Na kuna pini za picha zinazobeba sehemu ndogo tu ya volti. Kutoka pini hadi pini ni nusu milimita, na nafasi tupu kati yake ni ndogo zaidi. Katika muda huohuo chipu ya michoro ilikuwa inahamia ndani ya prosesa, kwa hiyo kitu kilicho mwisho wa waya wa picha kikawa prosesa yenyewe.

Wahandisi wa simu walitenga chanya na hasi kwa udongo na umbali. Soketi ya kioo inaviweka bega kwa bega.

Pini yenyewe ni aloi ya shaba iliyopakwa nikeli, halafu dhahabu juu. Watu husema, "Si dhahabu hiyo, haishiki kutu?" Kweli, dhahabu haishiki kutu. Ila tabaka lake mara nyingi halifiki maikromita moja, na lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yakipita kwenye kitundu yanakuta shaba chini na dhahabu juu: metali mbili na chumvi, ileile HMS Alarm. Eneo la dhahabu ni kubwa na kitundu ni kidogo, kwa hiyo ulaji wote unaelekezwa kwenye nukta moja.

Chumvi inayojitafutia maji

Wengi hufikiri lazima uwe umemwaga kitu. Kumwaga kunachangia sana, hasa soda, chai yenye sukari au madafu, ambayo yamejaa madini yanayopitisha umeme. Mafuriko nayo yamo: yale ya Desemba 2011 yalizamisha nyumba nyingi za bonde la Msimbazi pamoja na vyombo vyake vya umeme.

Lakini pwani kuna njia ya polepole zaidi. Chumvi ya kawaida ina tabia moja: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, inaanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka inakuwa tone. Ndiyo maana kikopo cha chumvi jikoni kinalowa wakati wa masika. Dar es Salaam unyevu hupita kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri. Chembe ya chumvi iliyoletwa na feni ikatua kwenye soketi inajitengenezea maji yake, inakauka mchana, inalowa tena usiku. Maeneo yaliyo karibu na ufukwe, kama Msasani na Kunduchi kule Kinondoni au Mtoni kule Temeke, hupata chumvi nyingi zaidi, kwa sababu chumvi ya hewani hupungua haraka kadiri unavyoingia bara.

Je, pini inaisha kwa muda gani? Hebu tupige hesabu kwa kanuni aliyochapisha Michael Faraday mwaka 1834: kiasi cha metali kinachoyeyuka kinalingana na kiasi cha umeme uliopita. Chukua pini ya shaba yenye upana wa milimita 0.2, unene wa 0.1 na urefu wa 2. Uzito wake ni kama maikrogramu 360. Mkondo wa maikroampea 1 unayeyusha kama maikrogramu 28 za shaba kwa siku, kwa hiyo pini itaisha baada ya siku 13. Ukiwa maikroampea 100, ni saa tatu. Ukiwa miliampea 1, ambao soda inaweza kuupitisha bila shida kwenye pini ya taa, ni kama dakika 18. Haya ni makadirio, maana si mkondo wote unaokula shaba. Ila yanaeleza kwa nini mmoja anamwaga chai usiku na asubuhi kioo hakiwaki, na mwingine anakaa miezi ndipo kioo kianze kucheza.

Na yanaeleza pini ipi inaliwa kwanza: zile chanya, yaani za umeme wa taa na za volti 3.3. Shaba yake inasafiri hadi kwa jirani na kuota kama vijitawi vya mti. Kijitawi kikigusa pini ya picha, volti za taa zinaweza kufika kwenye prosesa. Hapo ndipo "bodi imekufa" inapoweza kuwa kweli.

Mezani kwa fundi

Ukielewa historia hii, kazi ya fundi mzuri inasomeka kama orodha ya majibu.

Kwanza anatoa betri. Zamani ilitoka kwa kuvuta kitasa nje, siku hizi imefichwa ndani. Umeme ukiwepo, ulaji unaendelea hata kama umezima mashine. Ndiyo maana kuifukia laptopu kwenye mchele hakusaidii kitu: mchele hauondoi betri, wala hauondoi chumvi.

Pili anaosha, na hapa kuna kosa la kawaida. Wengi wanakimbilia spiriti ya isopropili peke yake. Spiriti inafukuza maji vizuri, lakini chumvi na sukari haziyeyuki ndani yake kwa kiasi cha maana. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Kwa hiyo anasugua kwa mswaki laini na maji safi yasiyo na madini, kama yale ya kuongezea betri ya gari (yasiyo na asidi), ndipo amalizie na spiriti na kukausha vizuri.

Tatu anapima kwa mita, pini kwa pini, kutafuta iliyokatika na iliyogusana na jirani. Anaangalia pia fyuzi ya taa, ambayo mara nyingi ndiyo iliyojitoa mhanga. Kuchomeka kioo kipya kabla ya hatua hii ni hatari, maana soketi mbovu inaweza kukiunguza nacho. Kebo nayo inakaguliwa, kwa sababu kutu haiishii upande mmoja wa muungano.

Nne, kama pini imeisha, anabadilisha soketi kwa kuitoa kwenye bodi chakavu. Ugumu wa hatua hii nao una tarehe. Tangu Julai 1, 2006, sheria ya Ulaya imezuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vya dunia vikafuata. Solda ya zamani ya bati na risasi iliyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile mpya ya bati, fedha na shaba inataka kama 217, na plastiki ya soketi haipendi moto huo. Fundi anapaka flaksi, anachanganya solda ya zamani kidogo ili kushusha joto, halafu anapuliza hewa ya moto kwa subira. Njia ya shaba kwenye bodi ikiwa nayo imeliwa, anairuka kwa waya mwembamba wenye vanishi.

Daftari ambalo halipo

Kampuni za telegrafu na simu ziliandika kila hitilafu: kebo gani, umbali gani, upimaji ulionyesha nini. Kutokana na madaftari hayo walijua wapi kebo inaliwa na kwa nini, wakabadilisha miundo. Mafundi wa Tandika, Mbagala, Tandale na Mwananyamala wameona bodi nyingi kuliko maabara yoyote ya chuo nchini, lakini wanachojua kinabaki vichwani mwao na kwa vijana wanaojifunza pembeni yao. Mtengenezaji aliyeko mbali, anayepanga pini za soketi ijayo, hakioni.

Sisi wanafunzi wa sayansi na uhandisi tunaweza kusaidia hapo kwa kazi ndogo sana. Keti na fundi mwezi mmoja, andika kila soketi inayoletwa: mfano wa mashine, pini namba ngapi imeliwa, mteja anaishi wapi, kilimwagika nini au hakikumwagika kitu, ilikaa siku ngapi kabla ya kuletwa. Mradi huo hauhitaji fedha, na unafaa kabisa kwa mwaka wa mwisho.

Na wewe uliye na kioo cheusi leo: zima, usiichaji, usijaribu kuiwasha "kuona kama imepona". Mwambie fundi ukweli kama ilikuwa soda au chai, na tangu lini, hakuna atakayekucheka. Muulize kama diski inaweza kutolewa kwanza ili tasnifu yako inakiliwe pembeni. Halafu akishafungua, mwombe akuonyeshe soketi chini ya hadubini kabla hujakubali kwamba bodi imekufa.